Idi ya Jumatano

Jumanne ile jioni Temeke nzima ilikuwa imekodoa macho mbinguni, na mbinguni hakukuwa na kitu ila mawingu. Mwaka huo Ramadhani iliangukia mwisho wa masika, na masika nayo ilikuwa imegoma kwisha. Watu walisimama uwanjani mbele ya msikiti, swaumu wameshaifungua kwa tende na maji, futari zinapoa majumbani. Watoto waliuona mwezi mara kumi na mbili, na mara zote kumi na mbili wakaambiwa wanyamaze.

Hapakuwa na mtu aliyeutaka mwezi ule kama Jabiri. Alipanda juu ya tofali akasimama kwa ncha za vidole.

"Shuka bwana wee," Sadallah, fundi cherehani, akamwambia. "Hilo tofali lenyewe la kwangu."

"Lazima uonekane leo."

"Lazima ya nani?"

Lazima ya Jabiri, basi. Alikuwa boi wa mezani kwa Wazungu huko Oyster Bay, na mwezi mmoja nyuma memsabu alimjia na daftari lake, akamwuliza, "Jabiri, Idi yako tarehe ngapi? Mimi naandika." Mwislamu yeyote mwenye akili timamu angejibu kwamba tunangoja mwezi. Jabiri mwenyewe mwaka uliotangulia alijibu hivyo hivyo, na memsabu akacheka mpaka akamwita mumewe aje asikie: mtu mzima na ndevu zake, hajui sikukuu yake ni lini! Wakacheka wote wawili, bila ubaya wowote, na kicheko kile kikamkaa Jabiri kooni mwaka mzima. Safari hii alikaza uso akasema, "Jumatano, memsabu." Akasema kwa uhakika, utadhani mwezi kaufunga kamba nyumbani kwake. Memsabu akaandika, yakaisha.

Sasa ikaadhiniwa Isha, hakuna aliyeona kitu, wala hakuja mtu kutoka mjini na habari. Imamu akasema watu watimize thelathini. Kesho wafunge, Idi ni Alhamisi.

"Ruhusa yangu kesho," Jabiri akasema. "Alhamisi memsabu ana wageni wanane wa chakula cha mchana."

Sadallah akaacha mzaha. Yeye ndiye aliyeshona gauni la Hamisa, la satini ya waridi yenye marinda matatu, na alijua lilishonwa kwa ajili ya nini. Mtaa mzima ulijua. Jabiri na Mwanakombo walikuwa wameachana mwaka wa pili huo, na watoto wao wawili wanakaa kwa mama yao Kinondoni. Fakihi ana miaka minne, huyo ni wa mama yake, hana mjadala. Lakini Hamisa alikuwa ametimiza saba, na kwa sheria mtoto akifika hapo huulizwa mwenyewe anataka kukaa na nani. Jumatatu baada ya Idi angepelekwa mbele ya kadhi, aulizwe.

Jabiri alimtaka mtoto yule kwa roho yake yote. Alikwisha kupiga chokaa chumba, akanunua kitanda kidogo cha kamba, akamtoa dada yake mjane Mbagala aje kumlea. Kilichobaki ni moyo wa mtoto, na kwa huo alikuwa na siku moja tu.

"Umemwahidi nini?" Sadallah akauliza.

"Mnazi Mmoja, kutwa nzima. Apande bembea mpaka mwenyewe aseme basi."

"Nenda basi kesho kamwambie memsabu wako. Naye si ana mtoto? Ataelewa."

Jumatano, siku yake ya ruhusa, Jabiri akaenda Oyster Bay na swaumu yake, kwa baiskeli, kuomba siku nyingine. Memsabu alikuwa barazani akipanga maua.

"Memsabu, mwezi haukuonekana. Idi ni kesho."

Memsabu akaenda kulileta daftari. Akalifungua, akaweka kidole. "Wewe nasema Jumatano. Angalia, hapa."

"Ndiyo, memsabu. Lakini mwezi..."

"Mwezi iko, Jabiri. Siku zote mwezi iko." Akatabasamu. "Kesho mimi nataka wewe kwa mesa. Baada ya chakula, saa nane, wewe nakwenda. Mzuri?"

Alisema kwa upole kabisa. Hapo ndipo Jabiri angemwambia: memsabu, nina mtoto, Jumatatu ataulizwa. Lakini miaka sita aliyotumika nyumba ile hakuwahi hata kusema kwamba ana watoto. Hakuulizwa, naye hakujisemea, na sasa aliona tabu kuanza. Akajibu, "Mzuri, memsabu," akatoka.

Romani, mtunza bustani, Mkristo wa kutoka bara, alikuwa nyuma ya michongoma akikata, na masikio yake hayakuwa na kazi nyingine.

"Kesho ugua," akasema. "Wazungu wanaogopa homa."

"Niugue siku ya wageni? Nitafukuzwa. Nikifukuzwa, kadhi ataniuliza mtoto nitamlisha nini."

"Mwambie basi mama yao utawachukua saa nane."

Jabiri akatikisa kichwa. Alimjua Mwanakombo. Asingepiga kelele, angesema tu, "Haya," na lile haya lilikuwa ndilo lililovunja ndoa yao. Mara ngapi alichelewa, mara ngapi aliahidi akaishia kazini, na kila mara, haya. Akasimama pale ameushika usukani wa baiskeli, halafu akapata shauri ambalo baadaye alilijutia mpaka likamnyima usingizi.

"Nitakuja nao," akasema. "Watakaa nyuma ya jiko. Saa nane ikigonga, hao, Mnazi Mmoja."

"Memsabu hataki watoto wa watumishi uani. Mpishi aliyepita alifanywaje?"

"Saa chache tu, Romani. Utanitazamia."

Romani akafuta panga lake kwenye majani. "Mie sina mtoto, sijui kutazama. Lakini walete."

Asubuhi ya Alhamisi Kinondoni ilinuka udi na pilau. Jabiri alifika moja kwa moja kutoka kuswali, kanzu imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Hamisa alikuwa amesimama mlangoni hakai, asije akakunja marinda. Fakihi alikuwa na kofia kubwa kuliko kichwa. Wakambusu mkono, naye akawapa mkono wa Idi, kila mmoja sarafu yake.

"Shikamoo baba. Tunakwenda sasa hivi?"

"Marahaba. Sasa hivi, mama."

Mwanakombo akatoka akijifunga kanga. "Idi njema, Jabiri. Mnakwenda Mnazi Mmoja moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

"Huyu kaanza kuhesabu siku toka mwezi wa Ramadhani ulipoandama. Jana usiku kalala na gauni mkononi." Akamtengeneza Hamisa utepe wa nywele, ingawa utepe ulikuwa sawa. "Jumatatu mie simfundishi la kusema. Na wewe usimfundishe."

"Simfundishi."

"Akitaka kwako, nitampa kwa mikono yangu. Lakini usimrudishe analia."

"Mie ni baba yao, Mwanakombo."

"Najua. Ndiyo maana nimekupa."

Fakihi akakaa kwenye bomba la mbele, Hamisa nyuma, mikono kiunoni kwa baba yake. Walipofika njia panda, baiskeli ikashika njia ya pwani.

"Baba, Mnazi Mmoja si huku."

"Tunapita mahali kidogo."

Hamisa akakaza mikono kiunoni mwake. Alikuwa mtoto wa kuamini, na kuamini kwake kulimtia Jabiri furaha asubuhi ile, maskini.

Walipofika Oyster Bay akawatandikia mkeka nyuma ya jiko, karibu na magunia ya makaa, akawasihi wasisogee gauni lisije likachafuka. Akavua kanzu ya Idi, akavaa ya kazi yenye mshipi mwekundu. Halafu akavua viatu.

"Mbona umevua viatu, baba?"

"Ndani kuna zulia."

"Na wao wamevua?"

"Tulia, Hamisa. Saa nane tunakwenda."

Wageni walichelewa. Walipokaa walikunywa kwanza, na walipokunywa wakapiga soga, na supu ikarudi jikoni kupashwa moto mara mbili. Kila Jabiri alipoingia jikoni kuchukua sahani, alichungulia dirishani. Mara ya kwanza Hamisa alikuwa amekaa wima, anatabasamu. Mara ya pili alikuwa akimpigia Fakihi hadithi. Mara ya tatu alikuwa akiitazama saa ya ukutani ya jikoni, asiyojua kuisoma, na Romani alikuwa amewachumia mapera.

"Saa nane bado?"

"Bado kidogo."

Ilikuwa saa nane na nusu.

Wageni wakahamia barazani kunywa kahawa, na Jabiri akaanza kukunja kitambaa cha meza mbio mbio. Hapo mtoto wa nyumba ile, wa miaka mitano, akaja akamvuta mshipi. "Jabiri! Bembea!" Bustanini, juu ya tawi la mkungu, bwana alikuwa amemfungia mwanawe bembea ya ubao na kamba, na Jabiri ndiye msukumaji.

"Kidogo tu, Jabiri," memsabu akasema kutoka kitini. "Halafu wewe nakwenda kwa sikukuu."

Akaenda akasukuma. Alitaka kusukuma mara tatu aondoke. Lakini yule mtoto alizoea mchezo wao, na Jabiri naye alizoea: akisukuma anahesabu, "Moja! Mbili! Tatu! Fika Ulaya!" na mtoto anapiga ukelele wa furaha. Mikono na mdomo vikashika kazi vyenyewe. Akahesabu, mtoto akacheka, na Mungu amsamehe, Jabiri naye akacheka, kicheko cha kweli, kwa sababu mtoto akicheka humwambukiza mtu.

"Na mie! Na mie!"

Fakihi huyo, anakata majani ya bustani mbio, kofia imemwanguka. Nyuma yake Hamisa alikuwa amefika pembeni ya nyumba kumkamata, akasimama ghafla, gauni la waridi linaonekana na kila mtu.

Barazani soga ikakatika. "Jabiri," memsabu akauliza, "toto hii ya nani?"

Macho ya watu kumi yalikuwa yakimtazama, glasi mikononi. Jabiri alimfikiria mpishi yule aliyefukuzwa. Aliifikiria kazi, chumba kilichopigwa chokaa, kitanda cha kamba. Haya yote aliyafikiria kwa muda wa bembea kwenda na kurudi, na iliporudi alikuwa amekwisha kusema.

"Ya Romani, memsabu."

"Na ile?"

"Ile pia. Ya Romani."

Romani alikuwa karibu na ndoo yake. Akavua kofia, akamtazama Jabiri kitambo, halafu akaja akamshika Fakihi mkono.

Na sasa sikilizeni jambo lililomuumiza Jabiri kuliko yote. Memsabu hakukasirika. Alisimama, akashuka ngazi, akasema, "Oo, maridadi sana! Romani, toto yako mzuri sana," akaagiza bati la biskuti, akampa kila mtoto mbili kwa mkono wake. Angeambiwa ukweli, labda angetoa biskuti zile zile. Labda. Jabiri hatajua kamwe.

Hamisa alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa na mama yake. Akasema ahsante. Memsabu akafurahi, akawageukia wageni kuwaeleza kitu kwa Kiingereza. Hamisa hakumtazama baba yake hata mara moja. Alimfuata Romani nyuma ya jiko.

Jabiri aliporuhusiwa ilikuwa saa kumi kasorobo. Alimkuta Romani amewakalisha watoto kwenye toroli la kubebea majani, anawazungusha.

"Mie nilikwambia sina mtoto," Romani akasema kwa sauti ya chini. "Leo umenipa wawili kwa mpigo."

"Romani, ningefanyaje?"

"Usiniulize mie, bwana. Mie siye uliyemkana."

Mnazi Mmoja palikuwa pamejaa pomoni. Matarumbeta, maputo, kashata, ubuyu, wauza barafu za rangi wanagombania kupiga kengele. Bembea kubwa ya masanduku ya mbao, inayozungushwa na wanaume wanne wenye jasho, ilikuwa bado inazunguka, na Jabiri akashukuru Mungu kwa sauti.

"Hiyo hapo, mama! Panda mpaka useme basi."

Fakihi akapanda, akapiga kelele, akashuka, akapanda tena. Yeye alikwisha kusahau kila kitu. Hamisa alisimama kando ya tope, ameshika marinda yake yasiguse chini.

"Panda, Hamisa."

"Sitaki, baba."

"Unaogopa? Nipande na wewe?"

"Siogopi."

Akamnunulia barafu. Akamnunulia bangili za kioo. Akamnunulia mtoto wa bandia mwenye nywele za katani. Kwa kila kimoja Hamisa alisema "ahsante", kwa adabu, na kupokea kwa mikono miwili. Jabiri akaiona ile mikono miwili. Mtoto hapokei hivyo kwa baba yake. Hunyakua.

"Baba."

"Naam, mama."

"Yule Romani ni nani wetu?"

"Rafiki yangu."

Hamisa akafikiri. Barafu ilikuwa ikimchirizikia kwenye kifundo cha mkono. "Tukienda tena kule, tumwite baba?"

Hapo ndipo pa kupiga magoti, hata kwenye tope. Hapo ndipo pa kusema, mwanangu, baba yako ameogopa, nimekosa, nisamehe. Maneno yalikuwepo. Watu wengine wanayasema kila siku. Lakini Jabiri hakuwahi kumsikia mwanamume akimwomba mtoto msamaha, hakujua yanaanzaje, na matarumbeta yalikuwa yanalia.

"Kula barafu yako," akasema. "Inayeyuka."

Jioni akawarudisha Kinondoni. Mwanakombo akamwangalia Hamisa uso, akaona hajalia, akashukuru. "Umefurahi, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Tumekula na biskuti," Hamisa akasema, akaingia ndani kuvua gauni.

Siku zile tatu kabla ya Jumatatu Jabiri alikwenda Kinondoni mara mbili. Mara zote mbili alikata shauri kwamba leo anasema, na mara zote mbili alimkuta Hamisa anacheza rede na wenzake, akatazama kidogo, akaacha samaki kwa bibi yao, akaondoka. Alijiambia mtoto ameshasahau. Watoto husahau. Alimwambia hata Sadallah hivyo, na Sadallah akasema inshallah.

Jumatatu aliomba ruhusa ya muda wa saa mbili. Alipoulizwa ya nini, alisema ana shauri.

Kadhi alikuwa mzee mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliwakalisha Jabiri upande huu na Mwanakombo upande ule, akamwita mtoto mbele yake, akamuuliza jina lake, na kama amejua kusoma Alhamdu, naye mtoto akaisoma yote bila kukosea. Kadhi akamsifu. Kisha akamwambia taratibu, ili asiogope, kwamba baba yake anampenda na mama yake anampenda, hakuna atakayekasirika, aseme tu kweli ya moyo wake: anataka kukaa kwa nani?

"Kwa mama."

Hakufikiri hata kidogo. Mwanakombo akainama akashika ukingo wa buibui yake. Jabiri alikuwa akitazama ukuta.

"Vyema," akasema kadhi. "Na baba je? Humpendi?"

"Nampenda."

"Sasa mbona hutaki kwake? Amekupiga?"

"Hapana."

"Amekunyima chakula? Amekufanyia jambo? Sema, mjukuu wangu, hapa hapana wa kukugombeza."

Hapo Hamisa akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akamtazama baba yake machoni, kitambo kirefu, na Jabiri akajua kwamba yote yako pale, hayakusahauliwa hata moja, bustani na biskuti na jina la Romani, na kwamba mtoto akifungua mdomo sasa hivi, kadhi atayasikia, Mwanakombo atayasikia, na kesho Temeke nzima. Wala hakuthubutu kuomba kwamba aseme, ingawa huenda hilo lingewaponya wote wawili.

Hamisa akamgeukia kadhi.

"Baba ana kazi," akasema.

Kadhi akangoja zaidi, hakupata. Akamuuliza Jabiri kama ana neno. Jabiri alikuwa nalo. Mtoto wa miaka saba alikuwa amemfichia aibu yake mbele ya watu wazima, na kitu pekee kilichobaki kwa mwanamume ni kusimama na kusema ilivyokuwa.

"Sina neno, shehe," akasema.

Wakaandikiwa hukumu. Mwanakombo akalia kidogo, kwa faraja au kwa huruma, hata mwenyewe hakujua. Pale nje, kwenye jua, Hamisa alimjia baba yake kumuaga. Akaupokea mkono wake kwa mikono yake miwili, akaubusu, akaurudisha.

"Nenda, baba," akamwambia. "Utachelewa."